Mshale, daftari au macho yako: gemu ya RPG ikuongoze vipi?

"Ami, mshale wasema ni hapa. Sasa?"

Kijana aliyeniuliza alikuwa ameketi mbele ya mlango wa mawe dakika arubaini nzima, ndani ya kaburi la kale liitwalo Bleak Falls Barrow, katika gemu ya Skyrim. Mlango ule una maduara matatu yanayozunguka, kila duara lina wanyama waliochongwa, na katikati pana vitundu vitatu vya kucha. Mshale, ile alama ya gemu inayokuonyesha pa kwenda, ulikuwa umetua juu yake kama kunguru juu ya bati, hauendi popote. Kijana alikwisha zungusha maduara kila namna. Nikamwambia afungue mkoba wa mhusika wake, aitoe ile kucha ya dhahabu aliyoipigania, aigeuze aitazame kiganjani. Pale kiganjani pamechorwa dubu, nondo na bundi. Akajipiga paji la uso, akapanga, mlango ukazama chini.

"Kumbe n'nayo muda wote!"

Nina chumba cha gemu Majengo: TV nne, laptopu mbili kuukuu, na feni moja inayozunguka kwa manung'uniko. Wateja wengi huja kwa ajili ya mpira. Wanafungana, wanatambiana, wanaondoka. Lakini wako wanaopenda RPG, zile gemu unazobeba mhusika mmoja ukamkuza levo kwa levo huku ukipewa misheni na watu unaokutana nao. Hawa ndio wanaonisumbua kwa maswali kabla ya kulipa, na maswali yao yote yana mzizi mmoja: gemu inishike mkono, au iniache nitafute?

Mtu wa Mombasa alijua jambo hili kabla hajashika pedi. Mgeni akitaka kuja kwenu Kibokoni, waweza kumtumia pini ya simu, nayo itamfikisha nyuma ya nyumba, upande usio na mlango, kwa maana vichochoro vya Mji wa Kale simu haiviwezi. Waweza kumweleza kwa mdomo: "Ukifika Fort Jesus shika Ndia Kuu, wenda sawasawa, usikate mpaka uone mlango wa nakshi ulopasuka mkono wa kuume, hapo uliza." Au waweza kumwacha ashuke tu kwenye matatu, afuate mnara wa msikiti na harufu ya kahawa mpaka akukute barazani. Wabunifu wa gemu wana njia hizo hizo tatu, na wengine siku hizi wanazichanganya. Hapa chini nazilinganisha, nikianza na vipimo vyenyewe.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni muda, na hasa jinsi muda wako unavyokatika. Mwenye saa nne za Jumapili mfululizo hayuko sawa na anayecheza nusu saa akisubiri zamu yake bandarini, hata kama kwa wiki saa zao zinalingana.

Cha pili ni kusoma. Hakuna gemu hata moja kati ya nitakazozitaja iliyo na Kiswahili. Wengi wetu tunazicheza kwa Kiingereza, na zinatofautiana mno kwa wingi wa maneno zinayokudai.

Cha tatu ni gharama ya kupotea. Nyumbani, kupotea kunakula jioni yako. Kwangu hapa kunakula pesa, kwa sababu saa yangu inaendelea kuhesabu hata ukiwa umekwama nyuma ya jabali.

Cha nne ndicho ninachokijali zaidi mimi: kinachobaki kichwani ukishazima mashine.

Uzuri wa picha nimeuacha nje kwa makusudi. Vijana wangu huanza na huo, na ndio unaowaponza.

Mshale na alama kwenye ramani

Hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, mtu mwenye kazi ya kukupa alisimama na alama ya mshangao ya manjano kichwani, lakini mahali pa kuifanyia kazi hiyo ulipatafuta mwenyewe. Wachezaji wakawa wanaweka programu za pembeni za kuwaonyesha, na Desemba 2009 watengenezaji wakaiingiza huduma hiyo ndani ya ramani ya gemu yenyewe. Oblivion ya mwaka 2006 iliweka mshale kwenye dira. Skyrim, mwaka 2011, ikauelekeza hadi juu ya kichwa cha mtu, juu ya sanduku, juu ya mlango, na ukiona haitoshi kuna uganga unaochora mstari wa mwanga ardhini kutoka miguuni pako hadi unakokwenda. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ina vidoti vinavyokuongoza kwenye ramani ndogo ya pembeni. Genshin Impact, ambayo vijana wengi wanaicheza kwa simu tangu 2020, ina kitufe cha kukuonyesha njia: bonyeza, alama inatokea, kimbia.

Watu husema mshale uliletwa na uvivu wa wachezaji. Mimi naona sauti ilichangia zaidi. Katika Morrowind ya mwaka 2002 mazungumzo mengi yaliandikwa tu, kwa hivyo mtu kukueleza njia kwa mistari kumi hakukumgharimu mwandishi chochote. Oblivion iliyofuata ilirekodiwa sauti mazungumzo yake yote. Sasa maelezo ya mistari kumi yanataka mwigizaji na studio, na siku mbunifu akilihamisha pango kutoka mashariki kwenda kusini, maelezo yamekuwa uongo na mwigizaji keshakwenda zake. Mshale unahama pamoja na pango.

Kwa mwenye muda uliokatikakatika, njia hii haina mpinzani. Nina mteja dereva wa tuktuk, anaingia mchana jua likiwa la utosi na abiria hakuna, anacheza Witcher 3 nusu saa, simu ikilia anatoka mbio. Huweza kupotea wiki mbili. Akirudi, vidoti viko palepale vinamsubiri, na katika dakika tatu ameshashika kazi. Bila vidoti hivyo mtu huyu asingecheza RPG kabisa, na ningekuwa mwongo nikisema anacheza vibaya.

Kwa kusoma pia mshale ni mwepesi: unaweza kuruka kila neno ukafika. Wengi wanaruka. Kupotea ni nadra, ila ukipotea unapotea vibaya, kama yule kijana wa mlangoni. Mshale ulikuwa umemfundisha kwa saa nyingi kwamba jibu liko mbele yake daima, kwa hivyo siku jibu lilipokuwa mkobani hakufikiria kutazama huko.

Kichwani hubaki kidogo. Jaribu kumuuliza mtu aliyemaliza misheni tano jioni moja, kijiji kile kiliitwaje? Nani alikutuma? Mara nyingi jibu ni "yule mzee pale." Lakini tuwe waadilifu, mshale hauui hadithi nzuri. Mkasa wa Bwana Baroni kule Velen katika Witcher 3, mlevi aliyeivunja familia yake kwa mikono yake, kila aliyeucheza hapa anaukumbuka hadi leo, na wote walifika kwake kwa vidoti. Penye mwandishi hodari, mshale ni tuktuk tu: imekufikisha, ushuke.

Inamfaa mwenye kazi na familia, mtoto ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, na yeyote anayelipia kwa saa.

Maelezo ya mdomo na daftari

Hapa mfalme ni Morrowind. Ina zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ni neema: laptopu kuukuu inaimudu bila kutoka jasho.

Unashushwa melini ukiwa mfungwa, katika kijiji cha Seyda Neen, unapewa kifurushi na karatasi. Karatasi inasema nenda mji wa Balmora, fika kilabu cha South Wall, ulizia mtu aitwaye Caius Cosades. Basi. Hakuna mshale wa kukuambia Balmora iko upande gani. Unauliza watu. Mmoja anakwambia kuna mdudu mkubwa wa kupandwa kama basi, anakaa juu ya kilima hapo kijijini, nauli yake ni kidogo. Ukifika Balmora unatafuta kilabu, unauliza tena, unaelekezwa nyumba. Mtu aliyekulia Mji wa Kale hapa anajiona yuko kwao. Hakuna nyumba inayofikiwa bila kusalimia watu wawili watatu wa barazani.

Mpwa wangu, wa kidato cha pili, alianza nayo likizo ya Agosti. Misheni ya mapema inakutuma kwenye magofu ya Arkngthand ukalete kisanduku cha mafumbo. Mwenye kukutuma anakueleza njia kwa maneno: utoke mji, upite ngome, uvuke daraja la kale juu ya korongo. Mpwa wangu alichukua daftari la hesabu, akafungua ukurasa wa nyuma, akachora. Ninao mpaka sasa: mto, ngome, daraja lenye mistari miwili ya kalamu nyekundu, kisha kwa herufi kubwa, ZUNGUSHA MPINI, kwa sababu mlango wa magofu haufunguki mpaka uuzungushe mpini ulio nje kwenye bomba. Alifika jioni ya pili. Ndani akakaa saa nzima akitafuta kisanduku, maana ni kidogo, kina rangi ya udongo, kimewekwa juu ya rafu ya rangi ya udongo, katika chumba cha rangi ya udongo. Alipokiona alipiga ukelele hata wa mpira wakageuka.

Sasa vipimo. Kwa muda uliokatikakatika njia hii ni adhabu. Ukikaa wiki mbili bila kucheza, unarudi hujui ulikuwa unaenda wapi, na daftari la ndani ya gemu halikusaidii sana: lilipotoka mara ya kwanza liliandika kila kitu kwa tarehe tu, misheni zote zimechanganywa kama risiti kwenye droo. Nyongeza ya Tribunal, mwaka huo huo wa 2002, ndiyo iliyoleta mpangilio wa misheni kwa misheni.

Kusoma ni kwingi, na hakuna njia ya kukwepa. Kwa mpwa wangu hiyo ilikuwa faida. Alijua korongo, ukingo na njia panda kwa Kiingereza kabla mwalimu wa jiografia hajafika huko. Mwenzake aliyekaa naye, Kiingereza chake kikiwa cha kuombea maji, alisinzia.

Gharama ya kupotea ni kubwa, na wakati mwingine kosa si lako. Kuna wahusika wa Morrowind wanaokwambia mashariki na kumbe ni magharibi. Ukiwa kwako unacheka, kwa sababu njiani umekuta pango ambalo hukulitafuta. Ukiwa kwangu unalipa.

Lakini kichwani, subhanallah. Mpwa wangu anaweza kukueleza njia ya kutoka Balmora hadi Arkngthand leo, bila daftari, kama vile anavyoweza kukutoa Marikiti mpaka Biashara Street. Sijaona mchezaji wa mshale akifanya hivyo.

Anayeitaka njia hii katika gemu mpya zaidi atazame Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018 katika kiwango chake kigumu. Humo ramani ipo, ila wewe mwenyewe huonyeshwi uko wapi juu yake. Ni tabu, na ni raha ya ajabu, kwa mwenye subira.

Inamfaa mwanafunzi wa likizo, mpenda vitabu, na mwenye kompyuta ya zamani asiye na pesa za mpya.

Mandhari inayokuita

Njia ya tatu haisemi wala haioneshi kidole. Inaweka kitu mbali, kirefu au chenye kung'aa, halafu inanyamaza.

Si mbinu mpya. Dragon Quest ya mwaka 1986 ilikuanzishia ndani ya chumba cha mfalme kilichofungwa. Ili utoke ulipaswa ufungue sanduku, upate ufunguo, ufungue mlango, na hapo umekwisha fundishwa vitendo vitatu bila somo. Ukitoka nje, ng'ambo ya maji unaiona ngome ya adui yako mkuu. Iko karibu, na huwezi kuifikia. Gemu nzima ni kutafuta namna ya kuvuka maji hayo. Sisi tuliosimama Likoni tukiutazama mji ng'ambo huku feri haisogei, hisia hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Breath of the Wild, ya mwaka 2017, ndiyo iliyoipanua mbinu hii kuliko nyingine ninazozijua. Misheni kuu zina alama, ndiyo, lakini raha yake haiko huko. Unapanda mnara, unatoa darubini, unatazama, unaona kitu kinang'aa rangi ya chungwa bondeni, unaweka pini yako mwenyewe. Unaanza kwenda, unazunguka kilima, na nyuma ya kilima pana kitu kingine kilichokuwa kimefichwa mpaka ulipofika hapo. Vilima vile vimepangwa viwe pazia. Mahekalu ni 120, na wachezaji wawili huweza kuyapata kwa mpangilio usiofanana hata kidogo.

Elden Ring ya mwaka 2022 ni kali zaidi. Vituo vingi vya mapumziko vinatoa uzi wa mwanga wa dhahabu unaoelekea upande fulani. Vijana wangu huuona, wakadhani ni mshale, wakaufuata moja kwa moja mpaka kwenye daraja la ngome ya Stormveil, na hapo Margit, adui mkali anayeilinda njia, anawachakaza. Wanafufuka, wanaufuata tena, wanachakazwa tena. Ule mwanga unakuonyesha hadithi iko wapi. Kama wewe una nguvu za kufika huko, haukuambii. Mwenye busara anageuza farasi, anaenda kusini, anajijenga, anarudi baadaye. Nimemwona mtu mzima akichukua siku tatu kulitambua hilo, na baada ya hapo akawa mchezaji mwingine.

Kwa muda, mandhari iko katikati. Ukirudi baada ya wiki mbili, mnara bado unauona, ila misheni ndogondogo za Elden Ring zitakuwa zimekuponyoka, maana gemu haina daftari la misheni. Mtu anakutupia nusu sentensi, anahama, na ukimkosa basi. Ilipotoka hata ramani haikuonyesha watu hao walipo. Sasisho la Machi 2022 ndilo lililoongeza alama za wale uliokwisha kutana nao. Tena, adhana ya magharibi ikisikika mimi hunyamazisha TV zote, na mwenye Elden Ring huniangalia kwa macho ya huruma, kwa sababu gemu yake haina kitufe cha kuisimamisha kama nyingine. Kinachomwokoa ni kwamba inajisevu yenyewe kila mara, hata stima ikipotea hapotezi mengi.

Upande wa kusoma una jambo ambalo wengi hawalitarajii. Njia hii inayoonekana ngumu kuliko zote ndiyo inayodai maneno machache kuliko zote. Yule mwenzake mpwa wangu, aliyesinzia kwenye Morrowind, aliposhika Breath of the Wild kwa binamu yake hakuachia mpaka usiku. Mlima hauhitaji kamusi. (Tatizo ni mashine, Nintendo hapa mjini ninaziona kwa nadra kuliko PS.)

Kupotea katika gemu za namna hii huwa sehemu ya mchezo, kwa hivyo hakuumi, mradi si Elden Ring ya kulipia kwa saa. Hiyo siwashauri wanaoanza, ingawa inaniingizia pesa.

Kinachobaki kichwani ni mahali. Majina ya watu wanayasahau. Bonde na njia wanavikumbuka.

Neno moja kuhusu Ghost of Tsushima ya mwaka 2020, maana naulizwa kila mara. Humo unachagua mahali kwenye ramani, unatelezesha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea huko, nyasi na majani vinakuongoza. Ni jambo zuri mno kulitazama, na mtu wa pwani anayejua kaskazi na kusi lazima limguse. Lakini tusidanganyane, upepo ule ni mshale uliovaa kanzu. Uweke kwenye fungu la kwanza.

Unachagua mwenyewe

Assassin's Creed Odyssey, mwaka 2018, inakuuliza mwanzoni kabisa: unataka kuongozwa, au kuchunguza? Ukichagua kuchunguza, mtu anakupa dalili tu: mkoa fulani, kusini mwa mji fulani, karibu na hekalu. Unakwenda jirani na hapo, unamrusha tai wako, anatafuta kutoka juu. Ukichoka, unaingia kwenye setingi, unarudisha alama. Kwa muda ni rahisi kwa sababu unabadilisha kulingana na siku yako. Kusoma ni kwa mistari mitatu mifupi. Kupotea kuna dawa papo hapo. Kichwani kinabaki zaidi ya mshale na pungufu ya daftari. Shida ninayoiona ni kwamba baada ya dalili ishirini za mtindo uleule, unajihisi kama unajaza fomu ya anwani.

Inamfaa asiyejijua bado, na nyumba yenye wachezaji wawili wa tabia mbili.

Kuna wanaoniambia, "Basi mimi nitazima mshale wa Skyrim niicheze kama Morrowind." Mara nyingi hawafiki mbali. Gemu iliyoandikwa kwa kutegemea mshale haikuwaandikia wahusika wake maelezo. Mtu anakwambia nenda pango fulani ukanirudishie upanga wangu, halafu ananyamaza. Pango liko wapi, hata daftari halijui. Umezima taa katika nyumba isiyo na madirisha. Cha ajabu, ile misheni ya kucha ya dhahabu ni miongoni mwa chache zinazowezekana: dada wa mwenye duka anakusindikiza mpaka darajani, anakuonyesha mlima kwa kidole, na magofu unayaona juu kabisa. Ukitaka kuonja, onjea hapo.

Juu ya chumba changu wanakaa vijana wawili wanaotengeneza RPG yao ndogo kwa Godot, programu ya kuundia gemu, mji wake ukiwa kama Mji wa Kale. Waliniuliza waweke mshale au wasiweke. Nikawaambia waandike kwanza mzee wa barazani akielekeza njia kwa Kimvita chake, wamwite mtoto wa jirani acheze bila mshale, wakae kimya wamtazame anakwama wapi. Pale alipokwama, warekebishe maneno ya mzee au waongeze mnara. Mshale uje mwisho, ndani ya setingi, na wasione haya kuuweka, kwa sababu kuna wenye macho hafifu, na kuna wenye watoto wachanga mapajani. Walichonijibu ni kwamba mtoto wa jirani alikwama pale mzee aliposema "wenda sawasawa", maana kwenye mji wao hakukuwa na njia iliyonyooka hata moja. Wameinyoosha.

Kulingana na hali yako

Unacheza nusu saa nusu saa, kazi inakuita: chukua gemu ya mshale, na kama utaanza na moja, iwe Witcher 3, kwa ajili ya hadithi. Usiruke mazungumzo ya Velen.

Uko likizo, unasoma Kiingereza bila taabu, nyumbani kuna laptopu ya zamani: Morrowind na daftari la kurasa 48. Usitafute majibu mtandaoni siku mbili za kwanza. Siku ya tatu ruksa.

Kiingereza kinakusumbua lakini subira unayo: mandhari. Kama unaweza kuazima Nintendo, Breath of the Wild. Kama una PS tu, ianze Elden Ring nyumbani, sio kwangu, na mwanga wa dhahabu ukikupeleka kwenye kichapo mara tatu, geuza farasi.

Una simu tu: Genshin Impact, ambayo ni bure kuanza, ila hakikisha una nafasi ya kutosha kwenye simu na upakue penye Wi-Fi, maana bando litaisha kabla hujamwona adui wa kwanza.

Unamchagulia mtoto: mwache na mshale, lakini akimaliza misheni muulize nani alimtuma na kwa nini. Mtoto aliyezoea kuulizwa ataanza kusikiliza.

Mnalipia kwa saa, nyinyi wawili kwa pedi moja: Odyssey, mmoja asome dalili, mwingine amrushe tai.

Na kama bado huna hakika, kuna jaribio dogo nawafanyisha wateja wapya. Cheza misheni moja ya gemu ya mshale hadi nusu, isimamishe, funika skrini kwa mkono. Niambie ulitumwa na nani, unaenda upande gani wa mji, na ukifika utafanya nini. Ukijibu yote matatu, daftari litakufaa. Ukijibu la mahali tu, wewe ni wa mandhari. Ukijibu "we Ami, ondoa mkono nione mshale," kaa TV ya pili, Skyrim imeshawashwa.